Kutafuta ndege wahamaji Mombasa mwezi wa tatu: yaliyonipata na yaliyonisaidia

Naandika hii kwa yule mtu ambaye amenunua darubini, amesikia pwani yetu inapitiwa na ndege wa kutoka Siberia, akaenda bichi saa nne asubuhi na hakuona kitu isipokuwa kunguru na vijana wanacheza mpira. Yalinikuta hayo. Nimezaliwa Mombasa nimekulia Tudor, na miaka yote hiyo vitwitwi wa ufuoni nilikua nawaona bila kuwatazama, ungeniuliza miguu yao ni rangi gani ningekwambia sijui, ndege ni ndege bana.

Kwanza tuelewane kuhusu majira, manake ukisoma habari za ndege kwenye intaneti nyingi zimeandikwa na watu wa Ulaya. Wao mwezi wa tatu na wa nne wanapokea ndege, sisi ndio tunawaaga. Ndege wa ufuoni wanaanza kuingia kwetu kuanzia mwezi wa nane, wanakaa kaskazi yote wanakula kaa na minyoo kwenye tope letu, halafu kaskazi ikianza kuchoka, Machi kwenda Aprili, wanaanza safari ya kurudi juu kuzaa. Kwa hivo ule mwanzo wa majira ya kuchipua wa wenzetu, kwetu ni joto la kufa mtu, upepo umetulia, maleleji, na mvua ya masika iko njiani. Watalii wamepungua na watu wengi wanadhani msimu wa ndege umeisha. Wallahi ndio umeanza kunoga.

Kunoga kwenyewe ni kwa ajili ya nguo. Disemba na Januari karibu ndege wote wa ufuoni ni kijivu juu, nyeupe chini, bas, na anayeanza atakaa na kitabu mapajani aone picha zote zafanana. Ikifika Machi wanaanza kubadilisha manyoya kama watoto wa Idi, kila mmoja na yake. Kuna kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenye ncha, wazungu wanamwita kaliu sandipaipa, huyu anageuka mwekundu wa tofali kutoka usoni mpaka tumboni. Mwanzoni anakuwa madoamadoa, nusu kijivu nusu wekundu, utadhani mgonjwa, mpaka mwisho wa Aprili ndio amekamilika. Grei plova, ndege mwingine wa ufuoni ambaye Januari humtambui, anapata uso na tumbo jeusi tititi. Wale sandi plova wadogo wanapata mkanda wa rangi ya chungwa kifuani na barakoa nyeusi machoni. Kwa hivo kama unaanza usianze Disemba, utakata tamaa. Anza katikati ya Machi.

Sasa darubini. Darubini yangu ya kwanza niliinunua mjini, ina vioo vyekundu vinang'aa, imeandikwa namba kubwa kubwa, muuzaji akanihakikishia ati inaona mpaka mwezini. Ukitazama kupitia ile, ndege mwekundu anakuwa hana rangi na kila kitu kina giza la kijanikijani, na nikwambie ukweli niliona haya kurudi kwa yule muuzaji. Vioo vyekundu wachana navyo kabisa. Unachotaka ni ile ya 8x42, yaani inakuza mara nane na kioo cha mbele ni milimita 42. Inakuza kiasi, haitikisiki sana mkononi, na inaingiza mwanga wa kutosha. Kumi kwa hamsini ni zito, nusu saa shingo yote imeuma. Mie niliipata ya mitumba kwa mtu aliyekua anahama, elfu sita, ina mkwaruzo mmoja pembeni na inafanya kazi mpaka leo. Kama huna hizo pesa azima. Hata bila darubini kuna sehemu utaona, nitafika huko.

Kitu ambacho hakuna programu ya simu iliyonifundisha ni maji.

Nilikua naenda kwa saa yangu. Jumamosi naamka, nasali, nakunywa chai na mahamri, nafika ufuoni saa nne nikidhani nimewahi. Kumbe siku nyingine saa nne maji yamekupwa mpaka kule mwisho, ndege wametawanyika kwenye tope maili nzima huko, vidoa tu. Siku nyingine saa hiyohiyo maji yamejaa mpaka ukutani na ndege hawapo kabisa, wamekwenda kulala mikokoni. Nikawa nasema nina bahati mbaya. Mpaka mzee mmoja mvuvi pale Mikindani, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Tudor, alikua anashona nyavu, akaniita.

"Mwanangu, hao ndege unaowatafuta, wewe watazama saa ya mkono. Wao hawana. Leo mwezi ngapi?"

Nikamjibu tarehe ya kalenda, akacheka.

"Mwezi mwandamo nakuuliza."

Akanieleza na mie nawapa kama alivonipa, nimeongeza yangu kidogo baada ya kulinganisha na jedwali la maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mombasa siku za bamvua maji yanajaa karibu saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na yanapwa karibu saa nne. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hivo ikifika tarehe saba au nane ya mwezi mwandamo, maji ya asubuhi yanajaa kama saa mbili saa tatu, na ni hivohivo tena kwenye tarehe ishirini na moja, ishirini na mbili. Hizo ndio asubuhi zangu. Unafika kumi na mbili na nusu kukiwa kumepambazuka tu, unakaa sehemu iliyo juu kidogo, hutembei, na maji yenyewe yanakusukumia ndege. Yanapanda polepole, tope linapungua, ndege waliokua wametawanyika wanakusanyika kwenye ukanda unaozidi kuwa mwembamba, na ukanda huo uko mbele yako. Nilikua namfuata ndege, nazama kwenye tope mpaka magotini, ndege anaruka mita hamsini, namfuata tena. Siku niliyokaa chini nikatulia ndio nilihesabu vitwitwi wengi kuliko nilivowahi kuona maishani.

Waislamu wenzangu sisi hii tunayo bure, tarehe ya mwezi tunaijua, Ramadhani ndio kabisa kila mtu ana hesabu kichwani. Wengine jedwali la maji la Mombasa linapatikana kwenye intaneti, na ukiwa na shaka lishike hilo, hesabu ya mwezi ni ya kukisia.

Tukiwa bado hapo kwenye mkono wa bahari wa Tudor, jua nalo liangalie. Upande wa Mikindani asubuhi jua linakupiga usoni, ndege wote wanakuwa vivuli vyeusi, rangi nilizokusifia hapo juu hutaziona. Asubuhi kaa upande wa kisiwani jua liko nyuma yako, jioni ndio uende Mikindani. Mie hili lilinichukua muda mrefu mno kuligundua na ni kitu cha mtoto kujua.

Viatu: usiende na ndara, tope linazimeza. Usiende pekupeku vilevile, kwenye mizizi ya mikoko kuna chaza wamejishika, wanakata kama nini, na kidonda cha tope hakiponi haraka, niulize mie. Raba nzee za kufunga kamba. Mimi navaa buibui na mwanzoni watu walikua wananitazama, mama mzima na darubini shingoni tope mpaka magotini, mmoja akaniuliza natafuta mume aliyezama au vipi. Sahii wamenizoea, watoto wa pale wenyewe wananiambia "mama ndege leo wako kule". Nyeusi kumbe si mbaya, ndege hawashtuki, wanaoshtua ni wenye fulana nyeupe na wanaopungapunga mikono.

Lakini darubini ni kitu kinachotia watu wasiwasi na hapa nataka mnisikize vizuri. Mji wetu una bandari, feri, kambi za kijeshi, matangi ya mafuta, vyote viko hukohuko ufuoni kwa ndege. Nilisimamishwa na mlinzi wa sehemu moja sitoitaja, nikaulizwa napiga picha nini, simu ikachunguzwa, nikakaa juani karibu saa nzima naeleza habari za ndege wa Siberia kwa mtu anayeniona muongo. Nilitetemeka sana siku ile. Kilichonisaidia ni kile kitabu cha ndege kwenye begi, kilikua kimeandikwa andikwa na penseli kila ukurasa, akakifungua akaona akaanza kucheka. Tangu hapo nina sheria zangu. Sitoi darubini karibu na bandari wala feri wala kambi, hata ndege awe nani. Natembea na kitabu na kitambulisho. Nikifika sehemu ngeni naanza na salamu, namtafuta mzee au mama wa hapo namwambia nimekuja kutazama ndege, na nampa darubini atazame yeye kwanza. Hio ya mwisho inafungua milango kuliko barua yoyote. Na usiende peke yako mikokoni, nenda wawili, hasa kina dada.

Kutambua ndege. Hapa watu wengi hupotea kwa sababu wanakimbilia rangi, na Machi rangi ziko nusunusu. Mie nilisaidika nilipoanza kutazama anavyokula. Plova anakimbia, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena. Kitwitwi anadungadunga mdomo kwenye tope bila kupumzika, cherehani hasa. Sandalingi anafukuzana na wimbi, linaingia anakimbia juu, linatoka anakimbia nalo, huyo utamkuta hata bichi za Nyali na Bamburi asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, na darubini huhitaji. Taniston anapindua mawe na mwani. Tereki, mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya manjano, anakimbia ameinama anafukuza kaa utadhani amelewa. Sululu ni mkubwa, mdomo mrefu umepinda kwenda chini, anautia shimoni anatoa kaa mzima, na maji yakijaa anapanda kulala juu ya mikoko, jambo ambalo mara ya kwanza nilidhani macho yangu yananidanganya. Ukishajua hizi tabia rangi inakuja kuthibitisha tu. Na wale sandi plova wa aina mbili, mkubwa na mdogo, usijitese, hata wazoefu wanabishana. Andika "sandi plova" uendelee na maisha.

Kama una siku moja na pesa kidogo nenda Mida. Si Mombasa, ni Kaunti ya Kilifi, ila unapanda matatu ya Malindi unateremka Mida kabla hujafika Gede, na unarudi jioni. Pale wenyeji wana daraja la mbao la kuning'inia linalopita kati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege, unalipa kiingilio na pesa inasaidia karo za watoto wa vijiji vya karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Nauli, kiingilio, chakula, na mwenyeji wa kunitembeza vilinila zaidi ya elfu mbili, na huyo mwenyeji usimkwepe kwa kubana pesa, macho yake ni sawa na darubini tano. Tena angalia maji kabla hujaondoka nyumbani, ukifika saa mbaya umesafiri bure.

Nilikwenda kwa ajili ya krabu plova. Ni ndege mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi wa kuvunja kaa, anatembea taratibu kwa madaha. Huyu haendi Siberia. Anakwenda kuzaa Uarabuni na Ghuba na pwani za Somalia, na anachimba shimo refu kwenye mchanga anataga yai moja jeupe humo ndani, joto la mchanga linamsaidia kuliatamia. Katika ndege wote wa ufuoni ni yeye tu afanyaye hivo. Nilipoambiwa hilo nikamtazama upya, njia yake ni ileile ya majahazi ya zamani, ila majahazi yalikua yakingoja kusi ivume ndio yarudi Uarabuni, yeye hangoji. Wengi wao huanza kuondoka kwenye Aprili, kwa hivo usichelewe. Hukohuko Mida mwezi wa tatu bado utawahi keremkerem wekundu wanaokuja kulala mikokoni jioni, makundi kwa makundi, mwenyeji wangu akasema "subiri saa kumi na mbili" na sikuamini mpaka nilipoona.

Usiwasahau wanaopita juu. Mwisho wa Machi, siku ambazo mawingu ya masika yanaanza kupanga, sikiliza. Keremkerem wa Ulaya unawasikia kabla hujawaona, sauti ya kuviringisha ulimi, prrup prrup, wanapita juu kabisa. Mimi huwasikia nikiwa naanika nguo. Mbayuwayu nao wanapanga kwenye nyaya za stima halafu wiki moja wako mia, wiki nyingine nyaya tupu. Kwa hawa huhitaji nauli wala kiingilio, hifadhi ya Nguuni kule Bamburi ni kuzuri zaidi lakini hata darini kwako panatosha. Tatizo ni kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kutoka India, Mombasa wameonekana tangu 1947, na wanamfukuza kila kiumbe chenye mbawa. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Mie nikitoka asubuhi nawaona bado wanahudhuria kikamilifu.

Jambo moja lazima nilisisitize hata mkiniona mkali. Machi na Aprili ndege hawa wanajinenepesha. Kaliu sandipaipa ana gramu 60 hivi siku za kawaida, akijiandaa kusafiri anapita 80, na mafuta hayo ndio petroli yake ya kufika huko kwenye barafu ya Siberia. Kila ukimrusha ili upate picha ya kuweka status, umemchomea mafuta yake. Nimeona vijana wanakimbia katikati ya kundi wakirekodi video, na nimeona mbwa. Mwaka huohuo wa 2024 kaliu sandipaipa pamoja na grei plova walipandishwa kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wakawa miongoni mwa ndege walio hatarini. Wakianza kuinua vichwa na kuacha kula, ushakaribia mno, rudi nyuma taratibu.

Unachoona kiandike. Mie nilianza na daftari, sasa natumia eBird, programu ya simu ya kuandikia ndege, ni bure, na kuna BirdLasser ambayo inapeleka taarifa kwenye ramani ya ndege wa Kenya. Programu nyingine, Merlin, inasaidia kutambua sauti, ni bure vilevile, lakini kwa vitwitwi wa mbali isikilize kwa shaka. Hata kama umeona ndege watano tu andika watano, na siku usipoona kitu andika hivohivo. Ukiona ndege ana pete au kibendera cha rangi mguuni, andika rangi, mguu gani, juu au chini ya goti, herufi kama zinasomeka, tarehe na mahali. Kule Watamu shirika la A Rocha Kenya limekua likivalisha ndege wa Mida pete miaka mingi, huenda ukawa umemuona wao.

Mvua ikishika, mwisho wa Aprili kuingia Mei, wengi wameshakwenda. Si wote. Wale wachanga wa mwaka wa kwanza wengi hawaendi, wanabaki na nguo zao za kijivu mpaka mwaka unaofuata, kwa hivo ukimkuta kitwitwi au krabu plova mwezi wa sita usidhani ni mgonjwa na usimpeleke kwa daktari wa mifugo, nimeshapigiwa simu ya namna hiyo. Na wakati hawa wanaondoka kuna wengine wanaingia kutoka kusini, ndege waitwao pratinkoli wa Madagaska wanakusanyika mdomoni mwa mto Sabaki karibu na Malindi. Huko nauli ni kubwa kuliko ya Mida, na baada ya mvua njia ya kushuka mtoni ni tope tupu, raba zilezile za kamba utazihitaji.